Mkaguzi wa bima ameniachia mambo 14 ya kurekebisha kwenye godauni. Nianzie wapi?

Mama Yunifomu
Jumapili, saa 2:15 usiku

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa mtu anayeijua kazi ya bima kwa ndani.

Ninashona yunifomu za shule na kufuma sweta Kariobangi Light Industries, Nairobi. Niko na wafanyakazi 19, cherehani 14, ovaloki tatu, mashine nne za kufuma na pasi mbili za mvuke. Godauni ni la kupanga, na ukuta mmoja tunashiriki na jirani anayetengeneza magodoro ya sponji.

Nilianza biashara soko la Gikomba, kwenye kibanda. Moto wa Juni 2018, ule uliowaua watu 15, ulipita kwangu pia. Sikuwa na bima. Nilibaki na cherehani moja iliyokuwa kwa fundi ikitengenezwa, na daftari la wateja kwa sababu nilikuwa nimelala nalo kwenye mkoba nyumbani. Tangu nifungue hapa Kariobangi nalipa bima kila mwaka, karibu shilingi 96,000 kwa zote: moto, wizi, mashine na wafanyakazi. Sijachelewa hata siku moja.

Wiki iliyopita kampuni ilinitumia mkaguzi. Nilidhani anakuja kuhesabu mashine, anywe chai, aende. Alikaa saa tatu nzima. Aliomba ngazi akapanda hadi juu ya ukuta wa kwa jirani. Alipiga magoti akachungulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akakokota kidole sakafuni, akanionyesha vumbi la nyuzi lililokuwa limemganda kidoleni kama pamba. Halafu akaomba ufunguo wa mlango wa nyuma. Msimamizi wangu alikuwa ametoka kwenda Eastleigh kununua uzi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mkaguzi hakusema kitu. Aliandika tu.

Barua imekuja Ijumaa. Mambo 14. Mengine wanataka ndani ya siku 14, mengine siku 30, mengine siku 90. Kuna mlango wa nyuma, kuna mitungi ya kuzimia moto, kuna jiko la askari wa usiku, kuna majora ya vitambaa kuinuliwa kutoka sakafuni, kuna boksi la stima kubadilishwa, kuna king'ora cha wezi, kuna uwazi ulio kati ya ukuta na mabati uzibwe, kuna kuandikisha upya thamani ya mali. Imeandikwa "mapendekezo", lakini chini kabisa wanasema nisipoyatekeleza, fidia inaweza kuathirika.

Pesa niliyo nayo pembeni ni 80,000, na Novemba lazima ninunue vitambaa vya msimu wa Januari. Nauliza: huu ni ushauri au ni amri? Nikiweza machache tu, nianze na yapi? Mwenye jengo anahusika wapi? Na nikifanya yote, malipo ya bima yanapungua?

Naomba majibu ya ukweli. Sitaki kurudi Gikomba na daftari.

---

Spea za Kirinyaga Road
Jumapili, saa 3:02 usiku

Dada, mimi ndiye mtu aliyeipokea barua kama hiyo akaiweka kwenye droo. Nakuandikia ili usifanye hivyo.

Mimi nauza spea za magari: beringi, filta, breki, boksi juu ya boksi. Mkaguzi alikuja mwaka wa 2022, akaniambia mali yote iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Niliona ni maneno ya mtu wa ofisini. Duka langu lina hatua chache hadi mto, lakini nilikuwa hapo miaka kumi na maji hayajawahi kuingia.

Aprili 2024 yaliingia. Ile mvua mnaikumbuka nyote. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikafungua shata, na boksi za chini zilikuwa zimelowa zikapasuka, za juu zikaanguka kwenye tope. Beringi ikishaingia tope lenye mchanga huwezi kumuuzia mtu, hata ukiiosha kwa petroli.

Mtathmini wa hasara alikuja na futi ya kupimia. Jambo la kwanza alilofanya ni kupima alama ya tope ukutani. Sentimita 11. Alinionyesha bila kelele. Kumi na moja. Halafu akatoa mkataba wangu, akanisomea sharti la kuinua mali, ambalo lilikuwa mle tangu siku ya kwanza na mimi sikuwahi kufika ukurasa huo. Mali iliyokuwa juu ya rafu maji hayakuigusa, kwa hivyo hapakuwa na cha kulipwa. Mali iliyokuwa chini ililowa, na hiyo ndiyo sharti liliyoizungumzia. Nililia mbele yake, na sioni aibu kusema.

Baadaye nilinunua paleti za mbao zilizotumika, shilingi 600 kila moja, 40. Elfu 24. Hasara ilikuwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Jambo jingine, soma pia kile ambacho bima yako ya moto haikigusi. Jirani yangu wa simu na vifaa vya umeme, duka lake lilivunjwa na kuporwa siku ya maandamano ya Juni 25, 2024. Alikuwa na bima ya moto na ya wizi. Aliambiwa uporaji wa wakati wa ghasia za kisiasa una bima yake ya peke yake, ambayo hakuwa ameichukua. Tangu fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, kampuni nyingi zimeiweka kando na kuiuza peke yake. Muulize broka wako waziwazi kama unayo.

---

Mkaguzi Mstaafu
Jumapili, saa 4:40 usiku

Mama, nimekagua majengo kwa ajili ya kampuni za bima miaka 23, mengi yakiwa Enterprise Road, Lunga Lunga, Baba Dogo na hapo kwenu Light Industries. Nimestaafu, simuuzii mtu bima. Pole ndugu yangu wa Kirinyaga Road. Hiyo sentimita 11 nimeiona kwa watu wengi, na inauma kila mara.

Swali lako la kwanza ndilo lenye uzito. Chukua barua, chukua na mkataba wenyewe, yale makaratasi mengi yenye maandishi madogo. Kila jambo kati ya hayo 14, litafute ndani ya mkataba. Likiwa mle limeandikwa kama sharti, lipigie mstari mwekundu. Sharti ni sehemu ya makubaliano yenu: ukilivunja na hasara ikatokea kwa njia hiyo, umewapa sababu ya kukataa kulipa. Lililo kwenye barua peke yake ni pendekezo, lakini usilidharau, kwa sababu mwaka wa bima ukiisha wanaweza kuligeuza kuwa sharti, kukupandishia malipo, au kukataa kuendelea na wewe. Kisha mwandikie broka wako, kwa maandishi: "Katika haya 14, yapi ni masharti ya mkataba?" Ajibu kwa maandishi. Simu haina ushahidi.

Ukiona tarehe waliyokupa hutaiweza, usinyamaze. Andika kabla haijafika: hili nimelimaliza, picha hii hapa; hili nitalimaliza Machi kwa sababu hii. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, sikumbuki mteja aliyeandika mapema na kwa ukweli akanyimwa muda. Wanaotia wasiwasi ni wale walio kimya.

Sasa hizo 80,000. Usizigawanye kwa 14. Mambo manne hapo hayahitaji pesa, au yanahitaji kidogo sana, na ndiyo yanayookoa maisha na mali kuliko king'ora.

Mlango wa nyuma, kesho asubuhi kabla cherehani ya kwanza haijawashwa. Najua mnaufunga kwa sababu ya wizi wa sweta, kila kiwanda cha nguo kinaniambia hivyo. Machi 25, 1911, New York, kiwanda cha mashati cha Triangle kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wa kushona. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Sponji ya jirani yako ikishika moto, moshi wake mweusi una sumu, na wafanyakazi wako 19 hawatakuwa na muda wa kumsubiri msimamizi arudi Eastleigh. Weka komeo la ndani linalofunguka kwa kusukuma, bila ufunguo, na kengele ndogo ya betri inayolia mlango ukifunguliwa. Wizi wa sweta ukague mlango wa mbele watu wakitoka kazini. Hili si la bima pekee: kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi za 2007 zinataka njia za kutokea ziwe wazi watu wakiwa ndani, na zinataka pia mazoezi ya kutoka wakati wa moto walau mara moja kwa mwaka na ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka. Kama hujawahi kufanya mazoezi hayo, yafanye Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana. Hesabu watu nje.

Jiko la askari. Niliwahi kuingia godauni moja asubuhi ya Julai, nikakuta jiko la makaa likiwa bado na joto, limewekwa kati ya marobota mawili ya mitumba. Mzee wa watu alikuwa amejikinga baridi, si kingine. Usimkaripie askari wako. Huwezi kumnyang'anya mtu jiko usiku wa Julai hapa Nairobi halafu usimpe kitu badala yake. Mpe koti zito, chupa kubwa ya chai, na kibanda nje ya godauni, mbali na vitambaa. Ukiyafanya hayo, hatalirudisha jiko kwa siri.

Mitungi ya kuzimia moto. Nakisia iko ofisini kwako, imepangwa pamoja ili isiibwe. Itoe, itundike ukutani karibu na milango, mahali mtu anapokimbilia. Ule wa unga una saa ndogo juu. Mshale uwe kwenye kijani. Ule wa gesi ya kaboni hauna saa, unajulikana kwa kupimwa uzito, kwa hivyo usikubali fundi aliyeubandikia kibandiko kipya bila kuuweka kwenye mizani. Na wafundishe watu: wa gesi ni wa boksi la stima na mashine. Vitambaa vilivyofungwa kwa jora huungua kwa ndani kama makaa. Gesi inaua mwali wa juu, halafu baada ya dakika chache moto unarudi, kwa sababu hakuna kilichopoa. Hapo unataka maji au povu, stima ikiwa imekatwa.

Vumbi la nyuzi. Mkaguzi wako alifanya vizuri kukuonyesha kidole chake. Nyuzi zile hukaa juu ya taa, juu ya boksi la stima, nyuma ya ovaloki, na cheche moja inazipitia chini ya meza yote kabla hujapaaza sauti. Dakika 20 za kufagia kila jioni, na Jumamosi juu ya taa na mabomba. Pasi nazo: mtu mmoja awe na jina lake ukutani, ndiye anayezichomoa jioni na kutia sahihi. Kuzima swichi ya pasi hakutoshi. Na kama mvuke wa pasi unatoka kwenye boila, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila likaguliwe kila baada ya muda na mtu aliyeidhinishwa. Cheti chake kiwe kwenye faili.

Pesa sasa. Nusu yake iende kwenye stima; nitamwachia fundi aliyebobea aeleze. Nyingine paleti. Ukibakisha kitu, uwazi wa juu ya ukuta.

Huo uwazi nauzungumzia kwa sababu niliwahi kuona unachofanya. Eneo la Lunga Lunga, godauni mbili zinazoshiriki ukuta. Moja ya katoni, nyingine ya vifaa vya shule. Ukuta ulikuwa mzuri wa mawe, lakini uliishia chini ya mabati, ukaacha uwazi kama wa urefu wa mkono hadi kiwiko. Moto ulianza kwenye katoni. Nilipofika siku ya pili, upande wa vifaa vya shule rafu za chini zilikuwa hazijaguswa kabisa, madaftari meupe, na juu yake kila kitu kimeungua. Moto ulipita chini ya mabati, ukageuka, ukashuka kutoka juu. Hakuna aliyeona ukivuka, kwa sababu kila mtu alikuwa anautazama mlango. Wewe una sponji ng'ambo. Ukuta huo ukifika kwenye mabati, na ukazibwa kwa mawe na saruji na si kwa mbao, unakuwa umenunua muda wa wazima moto kufika. Hiyo ni kazi ya jengo, kwa hivyo mwandikie mwenye jengo, mwekee nakala ya ukurasa ule wa ripoti, na nakala nyingine kwa kampuni ya bima. Hata yeye ana bima ya jengo lake, na mkaguzi wake akija atasema hilohilo.

Kuhusu thamani ya mali, tafadhali soma hapa polepole, maana ndipo watu wengi waaminifu huumizwa. Tuseme umeandikisha mali ya milioni sita. Desemba, sweta na yunifomu za Januari zimejaa hadi mlangoni, mali ni milioni kumi. Moto mdogo unaunguza ya milioni tatu. Wewe unasema, tatu iko ndani ya sita, nilipwe tatu. Wao wanasema, ulilipia sita katika kumi, kwa hivyo tunabeba sita katika kumi ya hasara: milioni moja na laki nane, na humo bado watoe ile sehemu ya kwanza unayoibeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Hawajakuibia, ndivyo bima ya mali inavyohesabiwa. Dawa yake ni kumwambia broka mapema kwamba mali yako hupanda Novemba hadi Januari, aongeze kiasi kwa miezi hiyo, au akuandalie mkataba ambao unatangaza thamani ya mali kila mwezi. Na kila Ijumaa piga picha ya ukurasa wa stoo, ujitumie kwa barua pepe. Daftari lililoungua halithibitishi kitu.

Muulize pia kuhusu bima ya mapato yanayopotea biashara ikisimama. Bima ya moto inakulipa kitambaa. Haikulipi mapato ya shule zitakazohamia kwa mshonaji mwingine Januari. Ndiyo sababu napenda sana wewe ushughulike na hii barua kuliko kushughulika na fidia.

Malipo kupungua: uliza, kwa maandishi, ukiwa na picha za kazi iliyokwisha, wakati wa kuhuisha mkataba na si katikati ya mwaka. Wengine watapunguza, wengine watakupunguzia ile sehemu unayoibeba mwenyewe, wengine hawatafanya lolote, na hapo broka achukue ripoti yako nzuri aende nayo kwa kampuni nyingine. Huko Marekani, jimbo la Rhode Island, mwenye kiwanda cha nguo aliyeitwa Zachariah Allen aliboresha kiwanda chake dhidi ya moto, akaomba punguzo, akanyimwa. Mwaka wa 1835 akaungana na wenye viwanda wenzake wakaanzisha bima yao wenyewe, wakawa wanapokea tu viwanda vilivyotunzwa vizuri na kuvikagua. Kazi niliyoifanya miaka 23 mizizi yake iko kwa huyo mtu wa vitambaa kama wewe.

---

Fundi Stima Umoja
Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Mzee amenikaribisha, asante. Mama, kabla hujanunua boksi jipya, fanya hivi leo. Saa tisa alasiri, mashine zote zikiwa kazini na pasi zote mbili zimewashwa, weka mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha boksi la stima. Usikifungue. Kikiwa na joto, kuna waya iliyolegea au mzigo umezidi. Ukisikia harufu kama ya samaki au plastiki iliyoungua, zima swichi kuu na uite fundi wakati huohuo.

Mwezi uliopita nilifungua boksi hapo karibu na kwenu. Fyuzi ilikuwa imekatika zamani, na mtu akaweka msumari wa inchi tatu mahali pake. Msumari haukatiki. Waya ndiyo ingekatika, ndani ya ukuta, na moto. Mwenye karakana alikuwa anasifu jinsi stima yake haipotei siku hizi.

Pasi za mvuke zipewe laini yake kila moja kutoka kwenye boksi, na swichi yake inayojikata yenyewe. Usichomeke pasi kwenye ekstensheni, hata ile nene, na usipitishe waya chini ya majora. Taa za tyubu zilizo juu ya meza ya kukatia zivalishwe vifuniko. Na fundi yeyote anayekuja, muombe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, uione kwa macho, kisha akuachie cheti cha kazi na vipimo. Hicho cheti ndicho kampuni ya bima itakachotaka, maneno yake hayatoshi. Anayekataa kukupa, mwambie kwaheri.

Moja zaidi kwa sababu naona una mwenye jengo: akileta mtu wa kuchomelea madirisha, usiruhusu kazi ianze kabla vitambaa havijasogezwa, mtungi uko pale, na mtu amebaki akitazama saa nzima baada ya kuzima mashine. Cheche huingia kwenye jora na kukaa. Moto unatokea watu wamekwenda kula.

---

Mama Yunifomu
Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa 1:30 usiku

Wenzangu, nimerudi.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa Jumatatu ileile. Komeo na kengele vimenigharimu 4,300. Ijumaa tulifanya mazoezi ya kutoka. Mara ya kwanza tulichukua dakika tatu na nusu, kwa sababu robota la sweta lilikuwa limezuia njia na wasichana wawili walirudi kuchukua simu. Tukarudia. Dakika moja na sekunde kumi. Mmoja wa wale wawili alikuja ofisini baadaye akaniambia hakuwa anajua kama mlango ule unafunguka. Alidhani ni ukuta uliopakwa rangi. Amefanya kazi kwangu miaka miwili. Hilo sijaweza kulisahau.

Askari ana koti na chupa ya chai, na kibanda cha mabati nje. Jiko amelirudisha kwao mwenyewe.

Fundi mwenye leseni alikuja. Kifuniko cha boksi kilikuwa na joto kweli, saa tisa. Ndani waya ya pasi ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia urefu wa kidole kizima. Amebadilisha boksi, amezipa pasi laini zake, amenipa cheti: 38,500. Paleti 30 nimezipata kwa 550. Ndugu wa Kirinyaga Road, nilipima kwa futi kama yule mtathmini. Sentimita 14. Nimeweka mbao moja chini ya kila upande, sasa ni 17.

Broka alijibu kwa maandishi baada ya kumwandikia mara mbili. Masharti ni manne tu kati ya 14: mali kuinuliwa, mitungi ihudumiwe, pasi zichomolewe usiku, na makufuli ya aina fulani kwenye mlango wa mbele. King'ora ni pendekezo, nimeomba hadi Machi na wamekubali. Kiasi cha bima kitapanda hadi milioni kumi kuanzia Novemba 1 hadi Januari 31. Nyongeza ya malipo ni ndogo kuliko nilivyoogopa. Ghasia za kisiasa hazikuwemo. Naiongeza.

Kilichobaki ni uwazi wa juu ya ukuta. Mwenye jengo anasema nizibe mwenyewe kama nataka, na jirani wa sponji anasema yeye hana shida na ukuta. Nifanyeje?

---

Mkaguzi Mstaafu
Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mama, umenifurahisha moyo.

Kuhusu ukuta, usizibe kabla hujapata ruhusa yake kwa maandishi, kwa sababu ni jengo lake, na kazi ikivunja bati utalipa wewe. Mwandikie kwamba uko tayari kusimamia fundi mwashi, yeye atoe mawe na saruji, au akukate kwenye kodi ya mwezi mmoja. Weka picha ya uwazi, na sponji ionekane ng'ambo. Nakala kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, hata kama bado hajajibu.

Jirani wa sponji mwendee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mpeleke juu ya ngazi aone kwa macho yake. Wengi wao hawajawahi kupanda.

Na hadi ukuta uzibwe, majora yasipangwe upande ule. Acha upana wa mita moja uwe wazi, na usiruhusu hata katoni tupu kuwekwa hapo wakati wa msimu.